Mtungi haupozi Dar kama unavyopoza Dodoma

Kila anayehamishiwa Dodoma kutoka Dar hufika na malalamiko yale yale: midomo inapasuka, pua inakauka hadi inatoa damu, kopo la mafuta ya kujipaka linaisha kabla ya mwezi. Jirani yangu hapa Nala, mtumishi wa wizara aliyekuja na familia yake wakati serikali inahamia, hewa hii anaiita kausha damu, kama ile mikopo ya riba kali. Nilipomwambia kwamba hewa hiyo hiyo ingempozea maji ya kunywa bila umeme, alicheka. Mtungi anaujua. Amekulia kwenye nyumba yenye mtungi, Mbagala, na maji yake anayakumbuka vizuri: hayakuwa ya moto, hayakuwa ya baridi, yalikuwa maji tu.

Kumbukumbu yake ni sahihi. Alipokwenda kuwasalimia wazee akarudi na mtungi ule ule wa mama yake, ameupakata kwenye treni ya SGR tangu Dar. Akauweka barazani, kivulini, upande unaopitiwa na upepo. Kesho yake alikuja kwangu na kikombe mkononi ili nionje. Maji yalikuwa baridi.

Mtungi hautengenezi baridi. Ukuta wake umejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, maji yanapenya polepole hadi nje, hewa inayachukua, nayo yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Lita moja ikipotea hivyo huondoka na kilojuli 2,400 hivi, joto ambalo kwa hesabu ya ubaoni lingetosha kushusha lita 19 za maji kwa nyuzi 30. Barazani haiwi nyingi hivyo, maana hewa ya nje nayo inaendelea kuuchoma mtungi. Lakini jambo kubwa ni kwamba hewa lazima iwe na nafasi ya kupokea huo mvuke. Hewa ya nyuzijoto 31 yenye unyevu wa asilimia 70, kama ile ya pwani, haiwezi kushusha maji chini ya nyuzi 26 hivi. Hewa ya joto hilo hilo yenye unyevu wa asilimia 35 inaweza kuyafikisha karibu na 20. Hizo nyuzi sita ndizo zinazotenganisha maji ya kunywa na maji ya kunawia.

Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Novemba mtungi wangu unafanya kazi ya sifa, na mvua zikianza Desemba unalegea. Watu husema umechoka. Haujachoka, hewa ndiyo imeshiba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tatu, na kwetu ni Mvumi. Ninapotaja ufinyanzi kwenye kikao cha wazazi hakosekani mmoja wa kuuliza kama mwanawe ameandikishwa shule aje kuwa mfinyanzi. Huwa najibu kwa adabu. Hapa nitajibu kwa urefu, kwa sababu kadiri ninavyoutumia udongo mfinyanzi ndivyo ninavyoona kazi zake zote ni habari ya maji, na mtu anayeishi nchi kavu kama hii ana sababu ya kuijua habari hiyo kuliko yeyote.

Nimalize kwanza ya mtungi. Mimi hununua mnada wa Msalato, Jumamosi. Wengi wanakwenda kwa ajili ya nyama choma. Kinamama wa vyungu utawakuta pembeni, mbali na mbuzi. Ukishatoa shikamoo, utaambiwa: "Gonga, mwanangu, usikie." Gonga kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima ulioiva hulia kwa sauti nyembamba inayokawia kufa. Sauti butu ni ufa usiouona, au ni udongo ambao moto haukuufikia sawasawa. Mabaka meusi kwa nje yasikutishe, hapo ndipo kuni ilipogusa tu. Kuna mitungi iliyosuguliwa kwa jiwe laini kabla ya kuchomwa hadi inang'aa. Inapendeza sebuleni, ila ule msuguo umeziba sehemu ya vitundu, kwa hiyo haipozi sana kama ile yenye ngozi ya kukwaruza. Na rangi ya mafuta ndiyo balaa kuu. Nimekuta mtungi umepakwa rangi ya dhahabu ukachorwa na twiga. Huo weka maua.

Mtungi mpya jaza maji, ulale nayo, umwage, rudia hadi ladha ya vumbi iishe. Usiuoshe kwa sabuni. Udongo hunywa sabuni kama unavyonywa maji, halafu utaionja kwenye kila kikombe. Brashi na maji ya moto vinatosha. Na tafadhali, maji ya baridi si lazima yawe maji salama: yachemshe, yaache yapoe, ndipo uyamimine mtungini. Kata iwe na mpini mrefu, au nunua mtungi uliofungwa bomba chini, maana mikono ya watoto haina kizuizi. Maji yetu ya visima mengi ni magumu, yana chumvi na chokaa. Baada ya miezi utaona ukungu mweupe umeota nje ya mtungi. Ni chumvi iliyobaki maji yalipoondoka, na ikikithiri inaziba vitundu. Kuloweka kwa maji yenye siki na kusugua kunaurudishia uhai.

Wazo hilo hilo, ukilikuza kidogo, linakuwa la kuhifadhi mboga. Chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Aliyelipa jina duniani ni Mnigeria, Mohammed Bah Abba, mwalimu wa chuo huko Jigawa aliyetoka kwenye ukoo wa wafinyanzi, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa ajili yake. Nilifurahi kujua kwamba alikuwa mwalimu. Kaskazini mwa Nigeria ni kukavu kama kwetu, ndiyo maana kilifaa. Kwangu nyanya na karoti hukaa zaidi ya wiki bila kunywea, pilipili hoho zaidi ya hapo. Mchicha huvumilia siku chache tu, lakini bila chungu hiki haufiki hata jioni. Nyama na maziwa usijaribu. Nyuzi 20 kwa maziwa bado ni joto.

Kinachonifurahisha zaidi kiko nyuma ya nyumba. Bustani yangu ni ndogo, na anayeishi Dodoma anajua mgao wa maji ni nini: unaamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakohoa. Kumwagilia kwa ndoo kwenye jua hili ni kuigawia hewa maji kabla mizizi haijapata. Kwa hiyo nimezika vyungu. Chungu kisichopakwa chochote, cha lita tatu hadi tano, kinafukiwa ardhini hadi shingoni, kinajazwa maji, mdomo unafunikwa kwa kigae ili mbu wasizalie humo. Nyanya na bamia zinapandwa kukizunguka, shubiri moja hivi kutoka ukutani. Udongo wa nje ukikauka unayavuta maji kupitia ukuta wa chungu. Ukilowana, uvutaji unapungua wenyewe. Mizizi inajua njia. Ukifukua chungu cha msimu uliopita unakikuta kimevikwa wavu mzima wa mizizi. Wachina waliandika juu ya kilimo cha namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na bado hapa mtaani napita nikiona mipira ya maji ikitiririka saa saba mchana.

Chungu chenye ufa mdogo kisichofaa tena kwa kazi nyingine huku bustanini kinafaa sana. Kinamama wa mnadani wameshanizoea, wananiwekea vile vilivyokataliwa na wananipunguzia bei. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nalimia gaeni.

Chungu cha kupikia ni habari nyingine, kinataka kinyume. Huko hutaki maji yapenye. Kabla ya kukitumia, chemsha ndani yake uji mzito wa unga wowote, uache upoe humo humo, umwage, usuuze. Wanga unaingia kwenye vitundu na kuviziba. Kisha kipikie kwa moto wa kupanda polepole, na kamwe usimimine maji baridi kwenye chungu cha moto. Bibi yangu alipika mlenda kwa chungu cheusi ambacho hakuna aliyekumbuka kilinunuliwa lini, na sikubaliani na wanaosema ladha ni ile ile ukitumia sufuria. Labda ni moto wa polepole, labda ni mimi tu. Maharage, hata hivyo, hayana ubishi: chungu kinashika joto, unazima moto mapema na maharage yanaendelea kuiva. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, linatumia tabia hiyo hiyo, joto halikimbilii pembeni na mkaa unapungua. Najua nchi inaelekea kwenye gesi na umeme. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi nao. Chungu changu nakipikia kwenye gesi, moto mdogo, na bati bapa chini yake.

Sasa nyumba, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha.

Jirani yangu huyo huyo alijenga. Mwaka wa pili ukuta wa chumba cha watoto ukapata ufa wa kimshazari kuanzia kona ya dirisha. Fundi akamwambia ni tetemeko. Si jibu la kipuuzi, tuko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko tunayasikia. Lakini nilimuuliza jirani: ufa unapanuka lini? Akasema mwezi wa kumi unaingia ncha ya kalamu, mwezi wa tatu unakaribia kufunga. Tetemeko halifuati kalenda. Udongo wa mbuga ndio unaoifuata.

Udongo wa mbuga, ule mweusi, una madini ya mfinyanzi ya jamii ya montimoriloniti. Yamejengwa kwa karatasi nyembamba mno zilizopangana, na maji yanaweza kuingia kati ya karatasi na karatasi yakazisukuma. Masika udongo unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa zinazomeza kandambili. Msingi ulioukalia unanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si sawasawa kote: kona iliyo karibu na shimo la maji machafu inavimba, kona iliyo karibu na mti mkubwa inakauka. Ukuta unapasuka katikati ya ugomvi huo. Udongo wetu mwekundu wa miinukoni kwa kawaida una kaolini zaidi, ambayo karatasi zake zimeshikana na haziruhusu maji kuingia kati, kwa hiyo hautikisiki sana. Kaolini nyeupe kabisa ndiyo ile ya milima ya Pugu, kule Kisarawe.

Kwa hiyo kabla hujalipia kiwanja, kione mwezi wa kumi. Nyufa zitakusomea kila kitu. Kama tabaka jeusi ni jembamba, litolewe lote hadi udongo mgumu, ujaze moramu ishindiliwe, msingi uwe na mkanda wa zege na nondo, na maji ya paa yapelekwe mbali. Kama ni kina kirefu, muone mhandisi, si fundi wa mtaani na si mimi. Kuziba ufa kwa saruji kila Krismasi ni kununua saruji tu.

Udongo huo huo mkorofi ndio unaoshika maji kwenye malambo ya mifugo. Ukivimba unajiziba wenyewe, maji hayana pa kutorokea. Na ndio unaofanya mpunga wa Bahi uwezekane katika mkoa ambao mvua yake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Kuulaani wote kwa sababu ya nyumba moja si haki.

Wagogo wa zamani walijenga juu ya hesabu hiyo hiyo ya mvua. Tembe ina paa bapa: magogo, fito, majani, kisha udongo uliotandazwa na kushindiliwa. Mgeni wa kutoka nchi ya mvua nyingi angeona ni wazimu kuweka udongo juu ya kichwa chako. Lakini mvua ya miezi minne hadi mitano kwa mwaka, ukikandika upya kabla haijaanza, paa linaivumilia. Na miezi yote iliyobaki unaanika juu yake uwele na mlenda. Ukuta mnene wa miti na udongo unachelewa kupata joto na unachelewa kulitoa. Saa nane mchana mwezi wa kumi na moja ingia kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, halafu ingia kwenye tembe, ndipo tuzungumze maendeleo. Sisemi turudi humo. Nyumba yangu ni ya matofali na bati kama ya mwenzangu, na kukandika kila mwaka kulikuwa kazi ya wanawake, migongo yao inajua. Ila upande wa magharibi nimesiriba ukuta wa nje kwa udongo mwekundu wa kichuguu, mchanga, majani yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, na chumba cha upande huo jioni kinalalika.

Kichuguu, kwa taarifa, ndicho duka la udongo mfinyanzi la bure. Mchwa huchagua chembe laini, huzichanganya na mate yao na kuzipandisha juu. Mafundi wa matofali ya kuchoma wanakijua. Huhitaji kupima maabara: chukua udongo mbichi, uvingirishe uwe kamba nene kama penseli, uizungushe kwenye kidole. Isipokatika, umepata. Kwa uhakika zaidi jaza theluthi ya chupa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iweke dirishani. Mchanga unatua baada ya dakika moja au mbili, chembe za wastani ndani ya saa chache, mfinyanzi wenyewe unatua kesho yake. Utaona matabaka kwa macho.

Majaribio hayo nilianza kuyafanya kwa ajili ya darasa. Watoto wa darasa la tatu wakipewa udongo bila maelekezo, ng'ombe ndiye anayezaliwa kwanza. Si ng'ombe wa kitabuni. Ni ng'ombe wetu mwenye nundu, pembe zikiwa miiba ya mgunga, na mmiliki anakutajia jina lake na mama yake. Waliohamia kutoka mikoa mingine hutengeneza magari. Siku hizi kuna anayetengeneza treni ya umeme yenye mabehewa yanayojaa dawati zima, na hugombana na mwenye ng'ombe kuhusu nani ana haki ya kupita.

Nilichojifunza kwenye kuwachomea kazi zao ni hiki. Watu wengi wanaamini kinachopasua kinyago motoni ni hewa iliyofungiwa ndani. Mara nyingi ni maji. Udongo unaoonekana umekauka bado una unyevu moyoni, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kama moto umepanda haraka, ng'ombe anapasuka tumbo kwa kishindo na mwenyewe analia. Dawa yake: tumbo liwe wazi kwa ndani, ukuta usizidi unene wa kidole, udongo uchanganywe na mchanga au vigae vilivyotwangwa ili unyevu upate njia ya kutokea, na kazi ikae kivulini wiki moja au mbili. Hapa hewa yetu inasaidia kuliko inavyotakiwa: ukianika juani, nje inasinyaa ndani bado ni mbichi, na miguu inakatika. Funika na gunia siku za mwanzo.

Siku ya kuchoma, kazi zinapangwa kwanza kuzunguka moto mdogo hadi ziwe za moto kushika, ndipo zinaingia shimoni. Juu tunapanga mavi ya ng'ombe makavu na pumba, vinaungua taratibu na sawasawa kuliko kuni. Watoto wanasimama nyuma ya mstari wa chokaa. Kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi maji yaliyomo ndani ya madini yenyewe yanaondoka, na kuanzia hapo ule si udongo tena. Hautarudi kuwa tope milele. Kuhakikisha, tunamlaza ng'ombe mmoja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Akiamka mzima, wote wameiva. Akiyeyuka, tunarudia moto.

Rangi nazo tunazichimba. Udongo mwekundu unakorogwa ndani ya ndoo, unasubiri dakika moja mchanga utue, maji yenye rangi yanamiminwa kwenye chombo kingine na kuachwa hadi kesho. Chini kunabaki uji laini. Ukiuchanganya na kiini cha yai au gundi, unachora. Wekundu wake ni chuma, kama ule wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, yenye mapango zaidi ya 150. Mtoto aliyepaka twiga kwa udongo wa nyuma ya choo cha shule, ukimpeleka Kolo, kwenye michoro hiyo, hutazama mwamba kwa jicho la fundi. Anauliza waliweka gundi gani. Wataalamu nao huuliza hivyo hivyo.

Mawili ambayo wasomaji wa kike huniuliza, nijibu haraka. La kwanza, pemba, ule udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Najua hamu yake, sitajifanya mtakatifu. Lakini udongo hushika madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayachukua, na mjamzito ndiye anayeyahitaji zaidi. Juu ya hapo unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi. Hamu ikizidi, mwambie nesi kliniki, huenda ni damu imepungua. La pili, udongo wa kupaka usoni. Unakausha mafuta kweli, ngozi inabaki laini. Ila Dodoma nani ana mafuta ya kukaushwa? Na usichote palipopita mifugo, pepopunda haina adabu.

Ninachotaka kujaribu baadaye ni chujio. Udongo mfinyanzi unachanganywa na pumba zilizosagwa, unafinyangwa kama ndoo, unachomwa. Pumba zinaungua na kuacha njia nyembamba sana, maji yanapita lita moja hadi tatu kwa saa na vijidudu vingi vinabaki nyuma. Hupakwa madini ya fedha ili kuua vinavyobaki. Ilianzia Guatemala mwaka 1981. Udongo tunao na pumba za Bahi zipo za kumwaga, lakini unene, kipimo cha pumba na kupima maji baada ya hapo ni kazi ya wenye maabara, na sitawapa watoto wa watu maji niliyoyakisia. Wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnaosoma hapa, huo ni mradi wa mwaka wa mwisho.

Kwa anayekwenda Msalato Jumamosi hii: wahi asubuhi, mitungi mizuri haifiki saa sita. Beba gunia na majani makavu ya kuufungia. Kwenye daladala konda atataka aupandishe juu kwenye keria pamoja na majogoo ya watu, na atakuapia kwamba hautapasuka. Mkatalie, lipa nauli ya siti ya pili, uukalishe dirishani.